Mnanaa Wenye Madoa

6 Oktoba, Jumapili

Leo baada ya sala ya jumuiya tumekubaliana. Akina mama wote wa Mtakatifu Monika tutapanda mnanaa msimu huu, na mbegu itatoka kwangu. Yule dada wa Mlandege mjini anayekausha majani ya chai amesema atachukua wote tutakaovuna, ila anataka kikundi, hataki mama mmoja mmoja na kapu lake. Vipando vitabarikiwa kwenye Misa ya mbegu, kisha kila mama aondoke na fungu lake. Mwenyekiti wetu Faustina alisimama akasema, "Kinyungu cha Mama Liberatus ndicho ghala letu. Vene, uunyweshe huo mnanaa kama unavyomnywesha mjukuu." Wakacheka, na mimi nikacheka.

Kinyungu changu, bustani hii ya bondeni, hakikauki hata kiangazi kama hiki ambacho vumbi la Kilolo limeingia mpaka kwenye masanduku ya nguo. Mnanaa niliupanda mwaka jana kando ya matango. Mingine ilitoa majani yenye madoa ya njano, yamechorwa kama kitenge. Mizuri mno. Faustina alisema ile yenye madoa ndiyo niizidishe, watu wa mjini wataipenda. Kwa hiyo kila nikikata vipando naanza na yenye madoa. Sasa karibu nusu ya matuta ni kitenge kitupu.

Mungu aibariki kazi hii. Wengine wa jumuiya hawana zao jingine la kuuza.

9 Oktoba

Upepo tu. Nimemwagilia asubuhi na jioni.

14 Oktoba, Jumatatu

Ile yenye madoa imeanza kudumaa. Majani ya juu yamekunjamana na shina halitaki kwenda. Nimemwita dada Faustina. Huyu ndiye aliyenisimamia ndoa, na tulipomzika mume wangu, Baba Liberatus, ndiye aliyelala na mimi mkekani mpaka matanga yakaisha. Neno lake kwangu ni neno. Aliinama, akachuma jani moja, akatazama juu ya bonde kwenye nyanya za Sosthenes.

"Vene, upepo unatoka wapi?"

"Kwake."

"Na bomba lake linapiga nini? Dawa ya kuua majani. Mwanaume anatuunguzia mnanaa, na sisi tukikutana naye tunamsalimu kamwene, kamwene!"

Sosthenes amekodi shamba lile misimu miwili sasa. Ni Mlutheri, maneno yake machache, akipita na bomba mgongoni anafanana na kobe. Sikumpenda sana tangu mbuzi wake ale maharage yangu. Basi sikujiuliza mara mbili. Nikasema ndiyo, ni yeye.

17 Oktoba, Alhamisi

Tumempeleka Sosthenes kwa balozi wa nyumba kumi. Tulikwenda akina mama watano. Faustina aliweka majani mezani kama mtu anayeweka kisu cha muuaji.

Sosthenes akayageuza geuza. "Mama zangu, kama ni dawa ya majani, nyanya zangu zingepona? Nyanya zangu ni za chuma?"

Devota, mmoja wetu, akamrukia, "Wewe unajua unavyoielekeza."

"Naielekeza kwa kamba, kama ng'ombe?"

Watu walicheka, hata balozi, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana Faustina hapendi kuchekwa. Alisema mpaka balozi akachoka. Uamuzi: Sosthenes asipige dawa yoyote upepo ukiwa unaelekea bondeni. Na upepo wa Oktoba hauelekei kwingine. Ni sawa na kumwambia asipige kabisa.

Tulitoka pale tumeshinda. Yeye alibaki amekaa, ameshika kofia.

20 Oktoba, Jumapili

Nimekwenda Misa. Sijakomunika. Mguu haukutaka kutoka kwenye benchi.

22 Oktoba

Mnanaa unazidi. Hata usio na madoa umepoa poa. Bwana shamba wetu alihamishwa na mwingine hajaja. Nimempigia mkwe wangu Tusajigwe, mke wa Liberatus, anayepika kwenye kantini ya kituo cha utafiti wa mazao kule Mbeya. Akasema, "Mama, usilie kwenye simu. Funga majani kwenye gazeti lenye maji, uje. Hapa kuna watu kazi yao ni kuuguza majani."

24 Oktoba, Alhamisi. Mbeya

Baridi ya huku si ya kwetu, inaingia mpaka kwenye meno. Tusajigwe alipiga magoti kunipokea, kisha akainua macho kwa utani wake: "Shikamoo mama. Na wagonjwa wako hawajambo?"

Amenipeleka kwa mtafiti anaitwa Mika, wa rika la Liberatus. Nilimweleza yote, na habari za Sosthenes na bomba lake. Hakunikatiza. Aliponda jani kwenye kifuko chenye maji ya dawa, akachovya kikaratasi chembamba kama kile cha kupimia malaria. Mstari mmoja. "Hiki cha kirusi cha nyanya hakijaona kitu," akasema. Akachukua kingine, cha kirusi wanachokijua kwenye matango. Tukangoja. Mstari wa kwanza ukatokea. Nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni, ukatokea wa pili.

Mika akachukua jani jingine, safi, halina doa hata moja, nililoleta ili aone mnanaa mzima unavyokuwa. Mistari miwili. Wa pili ulikuwa hafifu, lakini ulikuwepo.

"Mama, hii yenye madoa ndiyo mliyoizidisha?"

"Ndiyo. Ni mizuri."

"Madoa ndiyo ugonjwa wenyewe."

Nilimwuliza dawa. Akasema kirusi cha mmea hakina dawa. Nikamwuliza, hata ya wazungu? Akasema hata ya wazungu. Mmea ukishaugua unaugua mpaka mwisho, na kila kipando utakachokata kinaondoka na ugonjwa wake ndani. Wadudu mafuta, vile vidukari vya chini ya majani, wananyonya huku wanakwenda kunyonya kule, wanausambaza. Hata kisu cha kukatia kinaweza. Nikauliza tena, na sisi tuliokunywa chai yake? Akatabasamu kidogo. "Mtu haumpati, mama. Huo ni wa mimea. Lakini nyanya, matango, maboga, wakati mwingine hata maharage, vyote unaviambukiza."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wake. Si mnanaa tu. Kila mama wa jumuiya ana bustani nyuma ya nyumba, na pale ndipo fungu langu lingepandwa.

Lakini Mika mwenyewe hakutaka kuapa. Alisema kirusi hiki hajakiona kwenye mnanaa huku kwetu, wala hajasikia mwenzake aliyekiona. Mnanaa una mafuta makali, mafuta yanaweza kukidanganya kikaratasi. Atasugua maji ya majani yangu kwenye miche mizima ndani ya nyumba ya wavu, miche ya matango na ya mnanaa, kisha angoje. Miche ikiugua, hakuna ubishi.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yenyewe iseme. Wiki tatu hivi. Kwa sasa usimpe mtu mbegu."

Alinisindikiza mpaka nje, ndipo akauliza, "Na nyanya za huyo jirani zikoje?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimemshitaki mtu kwa balozi bila hata kupanda kuyatazama mazao yake.

27 Oktoba, Jumapili

Nimemweleza Faustina. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha kuchambua.

"Vikaratasi!" akasema. "Mimi nilipimwa malaria nikaambiwa sina, wiki ileile nikalazwa na dripu mbili. Na huyo kijana mwenyewe amesema hana hakika."

"Amesema tungoje."

"Na mvua itangoja? Misa ya mbegu itangoja? Vene, nimeshazungumza na dada wa Mlandege. Nimetoa neno langu."

Kisha akasema kile nilichokuwa naogopa: "Mbegu hainyimwi."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza kumnyima salamu, lakini akija na kikapu anaomba mbegu, hata kama mlipigana jana, unampa. Bibi yangu alisema anayenyima mbegu anajinyima mvua. Sijawahi kusikia kwetu mtu amemnyima mwenzake mbegu. Mimi niwe wa kwanza?

2 Novemba. Marehemu Wote

Tumepalilia makaburi. Baba Liberatus, uniombee.

6 Novemba, Jumatano

Nimepanda juu kwa Sosthenes. Nilisema moyoni natafuta kuni. Nyanya zake ni za kuhuzunisha. Majani yamekonda yamekuwa kama nyuzi, matunda madogo, na chini ya majani wadudu mafuta wamejaa kama punje za ulezi. Alikuwa kati ya mistari, bomba limelala kwenye majani makavu.

"Kamwene, Mama Liberatus. Umekuja kukagua kama nimepiga dawa?"

"Hapana."

"Sijapiga. Mlinizuia, wadudu nao wakaniletea shukrani zao." Aliinua tawi moja nione. "Nadhani niliuziwa mbegu mbovu."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamuuliza habari za watoto. Nikashuka na mikono mitupu, hata kuni sikuokota.

8 Novemba

Mawingu yamekuja mpaka juu ya mlima, yakarudi. Mika hajapiga.

11 Novemba

Mawingu. Mika hajapiga.

13 Novemba, Jumatano

Mvua imenyesha, ya kwanza. Ardhi ilinukia mpaka watoto wakatoka nje kucheza. Nilipaswa kufurahi. Nimempigia Mika, akasema miche ya matango imeanza kuwa na vidoa, lakini ile ya mnanaa bado, na yeye anataka kuiona yote. "Usiwape mbegu, mama. Ningojee kidogo."

Nimekwenda kwa Faustina nimwambie. Tulisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Siyo kawaida yetu.

"Matango yameugua," nikasema.

"Sisi hatupandi matango ya Mbeya. Tunapanda mnanaa."

"Dada, tungoje. Nakuomba."

"Wewe una Liberatus anakutumia hela. Devota ana nani? Ukiwanyima mbegu, wataikumbuka hiyo, si vikaratasi vyako."

Imeniuma, maana kuhusu Devota amesema kweli.

17 Novemba, Jumapili. Misa ya mbegu

Niandike polepole, nisimsingizie mtu.

Nilikwenda na mahindi na maharage yangu kwenye ungo. Mnanaa sikuupeleka. Nilikuwa nimesali rozari nzima njiani nikimwomba Mama Maria anipe maneno ya kuwaambia akina mama. Nilipoingia kanisani nikaona mbele ya altare beseni kubwa la Faustina, limejaa mnanaa, umefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi za mgomba. Kumbe kabla ya mapambazuko aliingia kinyunguni kwangu akakata. Alikuwa amechagua yenye madoa, ameiweka juu, ili ipendeze.

Padre alipita na maji ya baraka. Maji yalidondoka kwenye mahindi, kwenye maharage, kwenye mnanaa. Watu wakaimba. Ningepiga kelele mbele ya Sakramenti? Nikanyamaza mpaka baraka ya mwisho.

Nje, akina mama wakalizunguka beseni na Faustina akaanza kugawa. Nikajipenyeza mpaka katikati.

"Mama zangu, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," wakaitika.

"Naomba msipande. Huu mnanaa unaumwa. Ukiupanda nyuma ya nyumba utaambukiza nyanya zako na maboga yako. Umepimwa Mbeya. Jibu la mwisho bado, lakini naomba tungoje."

Sauti ya nyuma ikasema, "Kumbe Sosthenes hakuuchoma?"

Nikasema, "Hakuuchoma. Tulimwonea. Na mimi nilikuwa mmoja wao."

Devota alikuwa ameshika fungu lake kifuani kama mtoto. "Mama Liberatus, umeshabarikiwa huu. Padre ameunyunyizia maji sasa hivi, tumeona wote. Baraka inashindwa na madoa?"

Nikasema, "Kitu kinabarikiwa na bado kinaumwa. Hata mimi nilipakwa mafuta ya wagonjwa nikiwa kitandani, na niliendelea kuumwa."

Wengine walirudisha mafungu, wakayaweka kwenye ungo wangu. Wengine, Devota mmojawapo, waliondoka nayo. Faustina alikunja kitenge chake, akainua beseni tupu, akanisogelea. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Nimekusimamia ndoa, Vene. Nimekufutia machozi. Leo umenivua nguo mbele ya kanisa."

Fungu lake mwenyewe alilibeba chini ya kwapa. Nimemwona mpaka amepotea kwenye kona ya shule.

18 Novemba, Jumatatu

Mika amepiga. Miche ya mnanaa imetoa madoa, yaleyale, na ile aliyoisugua maji matupu ni mizima. Amerudia vipimo vyote, na wenzake wameangalia kirusi chenyewe kwa mashine yao, ni kilekile cha matango. Alisema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo jipya anayejikaza asifurahi, maana anajua anaongea na nani. Atauandika ili wataalamu wengine wajue kuangalia kwenye mnanaa. Nikamwuliza nani alimwambukiza mwenzake, mnanaa wangu au nyanya za Sosthenes, au matango yale ya mwaka jana. Akasema, "Mama, hilo sitakudanganya. Sijui."

"Sasa nifanye nini?"

"Ng'oa yote. Na mizizi. Choma au fukia. Usiache hata mmoja."

"Hata mizima?"

"Hata unayoiona mizima."

19 Novemba, Jumanne

Nimekwenda parokiani. Nilimwuliza Padre, baba, kitu kilichobarikiwa kinang'olewaje? Nilidhani atafungua vitabu. Alijikuna kidevu akasema, "Matawi makavu ya Jumapili ya Matawi tunayafanyaje, mama?"

"Tunayachoma."

"Na rozari iliyokatika?"

"Tunaifukia."

"Basi. Kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Kinachomwa au kinafukiwa, kwa heshima." Halafu akaniangalia. "Nilibariki mnanaa nisioujua hali yake. Nitasema Jumapili kwamba mrudishe."

Kutoka hapo nilipanda moja kwa moja kwa Sosthenes, safari hii sikusingizia kuni. Nilimwambia yote, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnanaa wenu umekula nyanya zangu."

"Au nyanya zako zimekula mnanaa wetu. Mtaalamu hajui."

"Angalau hajanipeleka kwa balozi." Akavuta kofia usoni. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anaficha macho. Akasema, "Msimu wangu umekwisha, mama."

Nikasema, "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Utachoma lini?"

21 Novemba, Alhamisi

Tumeng'oa. Nilianza peke yangu, mvua ya rasharasha. Halafu nikaona mtu anashuka na jembe, ni Sosthenes. Hakusalimu, alianzia tuta la mwisho. Baadaye akaja Devota na fungu lake limeshachipua mizizi kwenye kopo. "Nililiweka tu kwenye maji," akasema, "sikulipanda. Niliogopa maboga." Wakaja wengine watatu. Tulichimba shimo, tukachoma kilichokubali kuchomeka, kingine tukafukia na majivu yake. Devota alianzisha Baba Yetu. Sosthenes alivua kofia akasali nasi, Walutheri kwa Wakatoliki, juu ya shimo la mnanaa.

Kinyungu kimebaki cheusi. Msimu huu akina mama hawa hawatakuwa na cha kupeleka Mlandege. Nimempigia yule dada mwenyewe, nimemwambia kosa si la mwenyekiti.

24 Novemba. Kristo Mfalme

Padre ametangaza. Mafungu yote yamerudi isipokuwa la Faustina. Amekaa upande wa pili wa kanisa. Nimekomunika.

27 Novemba

Mvua kubwa. Nimepita kwa Faustina, mlango umefungwa. Nyuma ya nyumba nimeuona mnanaa, ameupanda kwenye mstari mzuri kando ya nyanya zake, umeshika, unapendeza. Ningeweza kuung'oa, hakuna aliyekuwa ananiona. Nilikaa pale mvua ikininyeshea. Nikakumbuka yeye alivyoingia kwangu akakata bila kuniuliza. Nikarudi nyumbani.

30 Novemba, Jumamosi

Jioni nimesikia hodi. Alikuwa Faustina, hana mwavuli, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Nyanya mbili zimeanza kukunja majani," akasema.

Nikasema, "Pole, dada."

"Twende."

Nikatoka naye. Alipofika kwenye mstari wake alisimama. "Nimejaribu tangu asubuhi," akasema. "Nauinamia, mkono unakataa. Nimepanda maisha yangu yote, Vene. Sijawahi kung'oa kitu kibichi kilichoshika. Ung'oe wewe."

Nikapiga magoti kwenye tope. Nilivuta mmoja mmoja, na mizizi yake, nikaikagua kama Mika alivyoniagiza, nikaiweka kwenye beseni lile lile alilokuwa ameshika. Nyanya nazo nikang'oa, zote, hakunizuia. Harufu ya mnanaa ilijaa ua mzima, ilitushika nywele na nguo, kali na tamu kama chai ya mgeni.

Nilipomaliza nilitaka kuinuka, goti likakataa. Faustina akaweka beseni chini, akanivuta kwa mikono miwili. Hakuniachia mara moja. Alinusa viganja vyangu.

"Huu mnanaa si ungenuka vibaya basi," akasema, "tukaujua mapema."

Tukabeba beseni, yeye huku na mimi huku, tukaanza kutafuta mahali pa kuchimba.